Jiwe Lisiloacha Pini

Waliokuwepo siku ile ni Fundi, ambaye kibaraza ni chake na cherehani ni yake, Wakili, mbeba mizigo wa maduka ya jumla, anayeitwa hivyo kwa sababu hakubali jambo mpaka aletewe ushahidi, Chaji, fundi simu wa kibanda cha jirani, Tipa, dereva wa lori la kokoto, Mama Birika, anayetuuzia kahawa, mimi, na mwanangu. Mwanangu alikuwa hajatimiza mwaka, lakini kijiweni wanamwita Mwenyekiti, kwa sababu nikimshusha mgongoni lazima akae katikati ya benchi, na asipokaa katikati analia mpaka watu wasogee. Mimi ndiyo maana naitwa Mama Mwenyekiti. Alikuja pia mama mmoja mwenye mkoba, lakini huyo alifika baadaye.

Benchi letu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mgongo wake ni ukuta wa duka la Fundi. Chini ni mchanga uliokanyagwa mpaka ukawa laini kama unga, umechanganyika na nyuzi na vipande vya vitambaa. Nikimaliza kufua huwa naenda pale. Fundi hunipa nguo nifumue nyuzi za kushikizia, na jioni hunipa mabaki ya vitambaa akijifanya anayatupa. Anajua namshonea mtoto nguo kwa mabaki hayo, na hajawahi kulisema.

Sasa kuna jiwe. Lina ukubwa wa ngumi, jeusi, linang'aa kidogo pale lilipovunjika, na ni zito kuliko macho yanavyokuambia. Ukilishika mara ya kwanza mkono unashuka. Tipa ndiye aliyelileta kutoka kwenye kilima wanakovunja kokoto, baada ya kukuta skrubu zake zimelikumbatia kwenye sakafu ya lori. Hakuna mtu aliyelitengeneza. Lilitoka ardhini hivyo hivyo, likiwa tayari linavuta. Fundi hulifunga kitambaa na kulipitisha juu ya mchanga kila anapomaliza kazi. Pini na sindano zinaruka na kusimama juu ya kitambaa kama manyoya ya paka aliyeogopa. Kisha anakivua kitambaa, na zote zinadondoka koponi. Jiwe likishapita, watoto huruhusiwa kucheza pale peku. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibaraza, na sisi sote tuliiamini.

Siku ile Fundi alikuwa amemaliza kupachika pini kwenye pindo la gauni refu, alilokuwa amelivalisha kile kiwiliwili chake cha mbao cha kujaribishia nguo. Mwenyekiti alishuka benchi, akatambaa, akaingia chini ya gauni kama mtu anayeingia kwenye hema. Tukacheka. Wakili akasema kikao kimehamia ndani.

Kisha tukasikia kikohozi.

Nilimvuta kwa miguu. Uso ulikuwa umemwiva, machozi yanamtoka, anakohoa kikohozi kikavu cha mtu aliyepaliwa. Akameza. Akanyamaza. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia. Nikamfungua mdomo, nikapitisha kidole: hakuna kitu. Kwenye ngumi yake kulikuwa na uzi.

Fundi alikuwa ameshapiga magoti kwenye gauni, anafuata pindo kwa kidole gumba. Katikati kidole kikasimama.

— Hapa palikuwa na pini.

— Una uhakika? Wakili akauliza.

— Pindo limefunguka. Na matundu yake haya hapa.

— Tundu si ushahidi, Fundi. Nguo zote zina matundu, ndiyo maana wewe una kazi.

Fundi alichukua jiwe, akalifunga kitambaa, akalipitisha chini ya gauni, chini ya benchi, chini ya cherehani, pole pole, kama mtu anayepiga deki chumba cha mgonjwa. Lilileta sindano iliyovunjika, kipande cha msumari wa kiatu, na yale mavumbi meusi ya mchangani ambayo siku zote husimama kama ndevu. Pini haikuja.

— Chini haipo, akasema.

— Labda jiwe limechoka, akasema Chaji.

— Hili jiwe halijawahi kuacha pini chini. Tangu Tipa anipe, sijachomwa mguu hata mara moja.

— Kama chini haipo, na kwenye nguo haipo, basi...

Chaji hakumalizia. Wote wakamtazama Mwenyekiti, naye alikuwa anatafuna ngumi yake.

— Hospitali, akasema Mama Birika, akaweka birika chini. Inuka mwanangu, tumpeleke.

Nikainuka.

— Usimtikise! Chaji akapiga kelele. Mama Mwenyekiti, simama hapo hapo. Usipige hatua.

— Kwa nini?

— Simu ikiwa na skrubu imelegea ndani, kosa la kwanza ni kuitikisa. Skrubu inatembea, inagusa pasipotakiwa, na simu imekufa. Huyo ana pini. Pini ina ncha. Kila hatua yako ni mchomo.

Miguu yangu ikagoma. Sijui niieleze vipi hali ile. Nilikuwa nimesimama nusu, mtoto kifuani, na niliona kama tumbo lake limekuwa yai mkononi mwangu. Wakili akaniwekea mkono begani na kunikalisha taratibu, kisha akavua koti lake la kazi na kulikunja nyuma ya mgongo wangu, ili nisiegemee ukuta.

— Tulia, dada. Kwanza hatujui kama amemeza. Hakuna aliyeona. Lakini kipimo tunacho, kipo hapo mkononi mwa Fundi. Jiwe lipitishwe tumboni. Likivuta, pini ipo, na tutambeba kama tunavyobeba vioo. Lisipovuta, haipo, na kesi imekwisha.

— Hilo jiwe lisimguse mtoto, akasema Tipa.

Tipa ni mtu mkubwa, mwenye mikono kama makasia, lakini anaogopa vitu vingi na huwa haoni haya kusema. Alikuwa amesogea mpaka mwisho wa benchi.

— Si wewe uliyelileta? Wakili akauliza.

— Nimelileta la kuokotea sindano, sikulileta la kupimia watu. Nyinyi hamjui linakotoka. Kile kilima radi inakipenda. Miti yote ya juu imepasuka. Jamaa wa kule wanasema mawe meusi yapo mengi, yote mazito hivi hivi, na sumaku yako ya dukani inayashika yote. Lakini yenyewe hayavuti kitu. Yanayovuta ni machache tu, ya juu juu, yale yaliyopigwa na radi. Kwa hiyo humo ndani kuna radi imelala.

— Basi imelala fofofo, akasema Fundi. Kila siku naiburuza kwenye nyuzi na haijaamka.

— Haijakutana na tumbo la mtoto.

Nikamfunika Mwenyekiti tumbo kwa kiganja. Upande wa kilima mbingu ilikuwa imekunja uso. Ilikuwa hivyo tangu asubuhi, lakini mimi niliiona wakati ule.

— Radi mimi siijui, akasema Chaji. Ninachokijua ni damu. Damu ina chuma. Mke wangu akiwa mjamzito kliniki walimpa vidonge, wakamwambia ni vya chuma, damu yake haina chuma cha kutosha. Sasa Mwenyekiti na kadamu kake kadogo, ukimwekea jiwe la ukubwa huo, damu yote si itakimbilia tumboni? Kichwani atabaki na nini?

— Wewe kichwani umebaki na nini? akauliza Wakili.

— Mimi nazungumza sayansi.

— Unazungumza simu.

— Simu ndiyo sayansi! Mteja wangu aliweka simu pale juu ya cherehani, karibu na jiwe. Kufungua ramani, mshale unamwonyesha anatembea kinyumenyume. Jiwe limeivuruga simu, nzima, ya kisasa! Ubongo wa mtoto ni laini kuliko simu. Linaweza kumfuta. Akiamka kesho hamjui mama yake.

Mimi nilikunywa vidonge vile vile nikiwa na mimba yake. Nilivimeza kila asubuhi bila kukosa, kwa sababu nesi aliniambia vitamjenga. Nikamtazama pale mapajani na nikaona kama ni mimi niliyemjaza chuma, kisha nikamleta kukaa karibu na jiwe. Machozi yakanitoka. Mama Birika akamimina maji ya moto kwenye kikombe, akayapooza kwa maji baridi, akalowesha ncha ya kanga yake na kuanza kumfuta Mwenyekiti mikono, kidole kimoja kimoja, hana haraka.

— Mnamtisha mwenzenu, akasema bila kuinua macho. Watu wazima hovyo. Mngekuwa na mimba nyinyi, mngezaa vyura kwa hofu.

— Mama, hatumtishi, tunatafakari, akasema Tipa. Na bado sijasema la midomo miwili.

— Midomo gani?

— Jiwe lina midomo miwili. Fundi, waonyeshe. Ule mchezo wako wa sindano.

Fundi hakutaka, lakini wote walikuwa wanamtazama. Alichukua sindano ya mkono aliyokuwa ameisugua kwenye jiwe siku nyingi, akaitundika kwa uzi. Akasogeza jiwe upande mmoja: ncha ya sindano ikalikimbilia. Akaligeuza jiwe upande wa pili: ncha ile ile ikageuka na kukimbia, inazunguka kwenye uzi kama mtu anayetafuta mlango.

— Mmeona? Tipa akanong'ona. Upande huu linakula, upande huu linatema. Sasa pini iko ndani ya mtoto. Ukikosea upande, inakwenda wapi? Inakwenda mgongoni! Inakwenda moyoni!

— Hii sindano imeshasuguliwa, ndiyo maana, akasema Fundi. Imekuwa sumaku na yenyewe. Pini ya kawaida inavutwa na pande zote mbili.

— Unajuaje ile pini haijasuguliwa? Si ilikaa koponi na wenzake?

Fundi akashusha sindano. Akalisukuma kopo la pini mbali na benchi. Ndipo nilipoelewa kwamba na yeye anaogopa, tena anaogopa kwa namna yake peke yake, kwa sababu pini ni yake.

— Chuma hai hicho, akasema Wakili, ambaye mpaka hapo alikuwa mtetezi wa jiwe, lakini naona hofu ilimfikia. Mimi niliwahi kulikwangua nyuma ya kigae cheupe. Mawe mengine yenye chuma yanaacha mstari mwekundu, rangi ya kutu. Hili liliacha mstari mweusi tii. Maana yake nini? Kutu ni mauti ya chuma. Hili halijafa.

— Sasa na wewe! Mama Birika akasema.

— Nasema nilichokiona, Mama. Ushahidi ni ushahidi.

— Lakini ukilichoma linakufa, akadakia Chaji. Sumaku ya spika ikiungua haivuti tena. Tulichome kwanza, kisha tumpime.

— Likifa litapima nini, we baradhuli? akauliza Mama Birika.

Chaji akafikiri. Akakaa.

— Fundi, nikasema. Wewe unasemaje?

Sikuwa nimefungua mdomo tangu nikalishwe, wakageuka. Fundi alikaa chini kwenye mchanga, mbele yangu, ili macho yetu yalingane. Ni mtu mzima wa kunizaa.

— Mwanangu, mimi najua hospitali ndiyo kwenyewe. Lakini nikitazama miguu yako naona huwezi kuondoka hapa na hofu hii. Na mimi siwezi kukuachia hofu hiyo peke yako. Basi nitaanza na mimi.

Akafungua vifungo vya shati, akaliweka jiwe juu ya tumbo lake mwenyewe. Akalipeleka juu, akalipeleka chini, akaliweka kwenye paji la uso. Tulisubiri. Akasema:

— Nakukumbuka wewe ni Mama Mwenyekiti. Huyu ni Chaji, hajanirudishia koleo langu. Akili ipo.

Mama Birika akalichukua, akaliweka kifuani kwake, kisha mkononi, pale mishipa inapoonekana.

— Damu imekaa pale pale, akasema. Ni baridi tu, kama sufuria.

Hata Wakili akajipima. Chaji akasema yeye haoni haja, akasukumwa, akajipima, akafumba macho, akafumbua. Tipa ndiye aliyekataa kabisa, na hakuna aliyemlazimisha.

Kisha Fundi akatundika pini kwa uzi, Wakili akaweka kiganja chake katikati, na Fundi akasogeza jiwe upande wa pili wa kiganja. Pini ikatikisika. Kidogo, lakini ikatikisika. Jiwe lilikuwa linaiona pini kupitia mkono wa mbeba mizigo, ngozi ngumu kama soli. Tumbo la mtoto lingekuwa kitu gani?

— Haya, nikasema.

Nikamlaza Mwenyekiti mapajani, nikapandisha fulana yake. Fundi akalipasha jiwe kwa pumzi na viganja, ili lisimshtue. Akaliweka chini ya mbavu. Mwenyekiti akacheka. Alifikiri ni mchezo. Tumbo likawa linarukaruka chini ya jiwe, na kila liliporuka nilitazama vidole vya Fundi, kwa sababu sikujua kama ni kicheko au ni kuvutwa. Fundi hakulikandamiza. Alilishika kwa ncha za vidole, akalipitisha kushoto, kulia, kitovuni, chini ya kitovu, kooni, kisha akarudia, macho ameyafumba, anasikiliza kwa vidole. Tipa alikuwa amejifunika uso.

— Halivuti, akasema Fundi.

— Rudia, nikasema.

— Nimerudia. Halivuti popote. Halina hata dalili.

— Kesi imekwisha! Wakili akaruka. Mtuhumiwa hana hatia!

Mama Birika akasema *alhamdulillahi* na kuanza kumimina kahawa, kikombe cha kwanza akanipa mimi. Tipa akafunua uso na kusema yeye alijua tangu mwanzo. Chaji akaeleza kwamba kitaalamu ubongo wa mtoto una ganda. Mimi nilimkumbatia Mwenyekiti mpaka akalalamika. Sikumbuki ladha ya kahawa ile. Nakumbuka kikombe kilivyokuwa kinagonga meno yangu.

Hapo ndipo tulipomwona yule mama mwenye mkoba. Alikuwa amesimama pembeni ya cherehani, sijui tangu lini, amesubiri kwa adabu. Mkoba wake zipu ilikuwa imekatika, na alikuwa ameuweka juu ya meza, pale Fundi alipolirudisha jiwe.

— Samahani, akasema. Nimewasikia na mtoto wenu. Nami nikashukuru. Ila nauliza tu: hili jiwe, mbona halishiki zipu yangu?

Alikuwa amelishika mkononi. Akaligusisha kwenye zipu, akaliachia kidogo. Likadondoka mezani kwa kishindo. Akarudia. Likadondoka.

— Zipu imeharibika, akasema Wakili.

— Imeharibika kufunga. Haijaharibika kuwa zipu.

— Jiwe limeshiba, akasema Tipa. Limefanya kazi ya watu wengi leo.

Yule mama akalisogeza kwenye mkasi wa Fundi. Mkasi ukalirukia, tukasikia *taa!*

— Halijashiba, akasema. Nauliza tu. Mkasi linashika, zipu halishiki. Na zote naona zinang'aa, zote ni ngumu.

Fundi akauchukua mkoba, akageuza zipu kwenye mwanga: meno yake yalikuwa ya rangi ya njano.

— Ni ya shaba, akasema taratibu. Shaba haivutwi.

Akalichukua jiwe, akaenda kwenye gauni. Akachomoa pini moja ya pindo, akaiweka kwenye kiganja na kusogeza jiwe: ikaruka. Ya pili: ikaruka. Ya tatu ilikaa kwenye kiganja chake kama imelala. Akasogeza jiwe mpaka likaigusa. Ikakaa. Akaisugua kwenye shati, chini ya uchafu ilikuwa ya njano.

— Hizi ni zile zinazokuja na mashati mapya, akasema. Watu wananiletea nipunguze, nachomoa pini kwenye kola, naziweka koponi. Sijawahi kuzichagua. Pini ni pini.

— Lakini jiwe haliachi pini chini, akasema Tipa, kama anayeomba.

— Haliachi zile linazozipenda.

Yule mama alinitazama mimi, kisha Mwenyekiti, na nikaona amejuta kuuliza. Lakini aliuliza tena, kwa sauti ndogo:

— Na hiyo iliyopotea, ilikuwa ya aina gani?

Fundi alitazama pindo. Alitazama kopo. Ilikuwa pini kati ya pini, ameishika kwa midomo kama anavyozishika zote, ameipachika bila kuitazama. Angejuaje?

Hofu ya kwanza ilikuwa ya kutojua. Hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa hatukujua hata tulichokuwa tunakijua. Inawezekana pini ilikuwa mchangani, jiwe limepita juu yake. Inawezekana ilikuwa tumboni, jiwe limepita juu yake pia. Lilituambia kweli pande zote mbili, na kweli yake haikuwa na faida kwetu.

Tipa ndiye aliyeinuka. Yule aliyeogopa kuliko wote. Alikuwa ameshatoa funguo za lori.

— Panda, Mama Mwenyekiti.

— Chaji alisema...

— Chaji anatengeneza simu. Panda. Nitaendesha hutasikia shimo.

Mama Birika akaacha birika lake, na jiko likiwaka, akapanda nami. Yule mama akasema atalitazama jiko. Nilipogeuka nyuma niliwaona Fundi na Wakili wamepiga magoti mchangani, na Chaji anakuja mbio na chekeche la kuchekechea unga, sijui kalitoa kwa nani.

Tipa aliendesha lori la kokoto kama anabeba maziwa bila kifuniko. Watu walimpigia honi, akawaacha wapite. Kila penye tuta alisema "pole", sijui alikuwa anamwambia mtoto au lori.

Hospitali walituweka kwenye foleni ya picha za eksirei. Nesi alimtazama Mwenyekiti koo, akamsikiliza kifua, akasema anapumua vizuri, nisimpe kitu cha kula, nisubiri. Tukakaa. Mwenyekiti alitaka kukaa katikati, tukasogea.

Simu ya Tipa ikalia. Ilikuwa Chaji, na alikuwa anapiga kelele mpaka tulimsikia wote watatu.

— Tumeipata! Mchangani! Ya njano! Ilikuwa chini ya mguu wa benchi! Rudini, haipo tumboni, rudini!

Nyuma yake nikasikia sauti ya Wakili akicheka. Tipa alinyanyua mikono juu. Mama Birika aliniangalia, nami nikainuka na mtoto. Nilifika mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeshafurahi mara moja siku ile, na furaha ile ilikuwa bado inaniuma.

— Tipa, nikasema. Muulize Fundi. Muulize kama ni hiyo.

Akauliza. Kisha ikaja sauti ya Fundi mwenyewe.

— Mwanangu, akasema. Tumechekecha tena. Zipo nyingi. Zimelala humu miaka yote. Sijui ni ipi. Usirudi. Subiri picha.

Nikarudi kukaa. Mama Birika alinishika mkono na hakuuachia mpaka walipotuita.

Kwenye picha tumbo la mwanangu lilikuwa kama wingu, na ndani ya wingu kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka, na kichwa chake cha duara. Daktari alisema kimetangulia kichwa, ncha iko nyuma, pini imeshaingia utumbo, na kwamba tulale pale waifuate kwa picha.

Ilitoka yenyewe siku ya Ijumaa asubuhi, na ilikuwa ya njano.